Sura ya Tano: Nimemsamehe, Je, Ni Lazima Nirudi Kwake?

Katika maswali yote ambayo waumini wamenijia nayo tangu nilipowekwa kuwa katekista, yaani mlei afundishaye misingi ya imani, hakuna lililorudiwa mara nyingi, tena kwa sauti ile ile ya kunong'ona, kuliko hili: "Mwalimu, mimi nimekwisha kumsamehe, lakini kukaa naye siwezi, je, msamaha wangu ni wa kweli?" Huliuliza mke aliyerejea kwao usiku na mtoto mgongoni, huliuliza kijana aliyefukuzwa na babaye kwa matusi ambayo haistahili kuyaandika, huliuliza dada aliyedhulumiwa na nduguze fungu lake la mirathi, na kila mmoja wao, akiisha kuuliza, huinamisha uso, kama kwamba swali lenyewe ni ikirari ya dhambi.

Wengi wao wamekwisha kujibiwa kabla hawajafika kwangu, tena wamejibiwa kwa haraka. Wameambiwa kwamba asiyerudi hakusamehe, na asiyesamehe hatasamehewa, na ya kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nao kwa sababu ya hofu ya Mungu wamerudi. Mmoja wao nilishika koleo siku ya kulifukia kaburi lake. Tangu siku ile nimeona si haki kulijibu swali hili kwa maneno mepesi, na sura hii yote nimeiweka wakfu kwa jibu lake, ambalo nalitoa mapema ili msomaji asikae na wasiwasi: kusamehe na kurudi ni mambo mawili, na Maandiko Matakatifu, tukiyasoma kwa utulivu visa vizima vizima, huyatenga mambo hayo wazi kuliko yanavyotengwa katika mahubiri yetu mengi.

Radhi, msamaha na suluhu

Lugha yetu ina utajiri wa maneno katika kadhia hii, na mengi tumeyarithi kwa Waarabu pamoja na adabu zake. Ila kwa kuwa twayatamka kila uchao tumeyafanya kuwa neno moja, ilhali kila moja lina mahali pake.

Radhi ni kule kuridhika kwa mzazi na mwanawe. Na mtu wa pwani, awe Mwislamu au Mkristo, huogopa kuzikosa radhi za wazazi wake zaidi ya aogopavyo njaa. Msamaha ni kuachilia dai. Yesu, katika mfano ulioandikwa na Mathayo katika sura ya 18, aliufananisha na deni lililofutwa, deni la talanta 10,000 ambalo mtumwa asingeweza kulilipa hata angalifanya kazi umri wake wote. Na tazama kwamba anayefuta deni hahitaji mkono wa mdeni ili kulifuta, kwa kuwa daftari liko kwake. Suluhu, kwa upande mwingine, ni mapatano, na mapatano hayafanywi na mtu mmoja, kama vile ndoa haifungwi na mtu mmoja. Suluhu inataka wawili; inataka kosa litajwe kwa jina lake, dhulma irudishwe kwa kadiri iwezekanavyo, na aghalabu inataka shahidi.

Sura ile ile ya 18, ambayo husomwa sana kwa ajili ya lile agizo la kusamehe sabini mara saba, imetangulia kueleza njia ya suluhu hatua kwa hatua: kwanza umwendee mkosaji faraghani, asiposikia uende na mmoja au wawili, asiposikia kanisa lijulishwe, na mwisho wake yakubaliwa kwamba yupo atakayekataa kabisa, na huyo hakai tena katika ushirika kama hapana neno lililotokea. Mafundisho hayo mawili yamo katika sura moja, na hayagombani. Msamaha hauna idadi. Suluhu ina masharti.

Machozi ya Esau, na njia mbili

Hebu tukichukue kisa cha Yakobo na Esau, ambacho watoto wetu hukisoma katika shule ya Jumapili na kukomea pale ndugu wawili walipokumbatiana. Yakobo alikuwa amemdhulumu nduguye baraka ya baba yao, akakimbia, akakaa ugenini miaka 20; siku ya kurudi alisikia kwamba Esau anakuja kumlaki na watu 400, akajua maana yake, akatanguliza zawadi ya mifugo inayozidi 500, mbuzi na kondoo na ngamia na ng'ombe na punda, kundi baada ya kundi, ili hasira ya nduguye ipoe njiani. Kumbe Esau alikwisha kusamehe. Alipiga mbio, akamwangukia shingoni, wakalia wote wawili.

Mahubiri huishia hapo, lakini kisa hakiishii hapo. Esau akasema waandamane, yeye atangulie mbele. Yakobo akajibu kwa staha kubwa kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, heri bwana wake atangulie naye atafuata polepole mpaka Seiri. Esau akataka amwachie baadhi ya watu wake, Yakobo akakataa kwa upole. Siku ile ile Esau akarejea Seiri. Na Yakobo, ambaye alikuwa amesema atafuata, akaenda Sukothi akajenga nyumba. Simsifu kwa kusema lisilokuwa. Lau angalisema wazi kwamba bado anaogopa, ingalikuwa bora, na nduguye huenda angalifahamu. Lakini nataka muumini aliyelemewa na dhamiri ajue ya kuwa wale wawili walisameheana kwa machozi ya kweli na bado wakalala nchi mbalimbali, wala Mungu hakumrudia Yakobo akamlaumu kwa sababu hiyo. Walikutana tena kumzika baba yao Isaka.

Sura mbili nyuma kuna kisa kingine ambacho hatukitendei insafu. Labani, mkwewe Yakobo na mjomba wake, aliyembadilishia ujira mara kumi, alimfuata mpaka milima ya Gileadi kwa ghadhabu. Wakabishana, wakachoka, kisha wakasimamisha jiwe, wakakusanya rundo la mawe, wakala chakula juu ya rundo lile, wakaapa kwamba huyu hatalivuka kumwendea yule kwa madhara wala yule hatalivuka kumwendea huyu. Mahali pale paliitwa Mispa. Nimeona watu wakilitumia jina hilo katika kadi za harusi kana kwamba ni dua ya wapenzi waliotengana kwa safari. Waama lilikuwa jina la mpaka, kati ya jamaa wawili wasioaminiana waliomwomba Mungu awe mlinzi wa mpaka huo kwa kuwa wao hawakutosha. Na asubuhi yake Labani akawabusu binti zake na wajukuu wake, akawabariki, akaenda zake. Busu, baraka na mpaka vilikuwako asubuhi moja, katika nyumba moja.

Kwa ufupi: msamaha waweza kutolewa leo na mtu mmoja; suluhu yahitaji wawili na muda; na mpaka, ukiwekwa bila chuki, hautangui msamaha.

Mkuki wa Sauli

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya niiandike sura hii, nalo ni la mke anayepigwa.

Akina mama wa kanisa, ambao wengi wao wamevumilia makubwa katika ujana wao na hudhani kwamba uvumilivu wao ndio mzani wa kila ndoa, humwambia binti: "Mwanangu, vumilia, mwanamume ndivyo alivyo, piga magoti, atabadilika." Hawasemi kwa ubaya. Lakini tazameni Daudi. Sauli alikuwa mfalme wake na baadaye mkwewe; alimrushia mkuki akiwa amekaa anapiga kinubi, Daudi akaepa mara mbili; siku nyingine mkuki ukarushwa tena ukachoma ukuta, naye akatoroka usiku, mkewe Mikali, bintiye Sauli, akimteremsha dirishani. Hapana nabii aliyemwambia arudi akavumilie. Alipompata Sauli pangoni En-gedi, peke yake, hana kinga, alikata pindo la vazi lake tu, akamwacha na uhai wake; na Sauli alipotambua aliinua sauti akalia, akakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye.

Hapo je? Sauli alikwenda nyumbani kwake, na Daudi akapanda ngomeni pamoja na watu wake. Alisamehe, akaheshimu, hakulipiza. Wala hakuisogelea ile meza iliyo karibu na mkuki. Na Sauli, baada ya machozi yale, alitoka tena na watu 3,000 kumtafuta. Machozi yalikuwa ya kweli siku ile, lakini toba, yaani kugeuka kwa mtu na kuishika njia nyingine, hupimwa kwa miezi na miaka.

Kwa hiyo binti akinijia amevimba jicho simfungulii kwanza mlango wa aya za uvumilivu. Namuuliza kwanza usiku huu atalala wapi, na watoto wako wapi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imetamka kinaga ubaga kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, hata kama iko mila isemayo vinginevyo. Na vituo vya polisi siku hizi vina Dawati la Jinsia na Watoto, mahali ambapo mwanamke aweza kueleza habari zake bila kusimama mbele ya kaunta ya watu wote. Kwenda huko si kumkana Kristo. Sheria hiyo imeweka pia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nayo makanisa mengi yana baraza la namna hiyo. Ila nawasihi wazee wenzangu wanaoketi humo wasimketishe aliyepigwa na aliyempiga kwenye benchi moja siku ya kwanza na kuwaambia washikane mikono. Mkono ule unatetemeka, nasi twaita kutetemeka huko upatanisho.

Yako mambo ambayo nimejifunza kuyatazama kabla ya kumshauri mtu kurudi, nayo ni haya:

– Mkosaji ametaja kosa lake mwenyewe, au amesema tu "kama nilikukosea, nisamehe"?
– Amerudisha alichochukua, au ameanza kukirudisha?
– Yuko radhi kungoja, au anaudai msamaha kama deni?
– Yuko mtu wa tatu, mwenye heshima kwa wote wawili, atakayejua yakitokea tena?

La tatu ndilo hunipa fununu kuliko yote. Aliyetubu hana haraka.

Mpaka usiwe kisingizio

Naogopa, hata hivyo, kwamba maneno haya yataokotwa na mtu asiyerushiwa mkuki wowote, aliyechoshwa tu na wazazi wake wazee walioko kijijini, akayafanya kuwa ruhusa ya kutowatazama. Kwa huyo Yesu ana neno kali. Wako watu zama zake waliotangaza mali yao kuwa Korbani, maana yake sadaka iliyowekwa kwa ajili ya Mungu, wakapata hivyo sababu ya kutowapa baba na mama chakula; akawaambia kwamba wameitangua amri ya Mungu kwa mapokeo yao. Siku hizi Korbani ina sura nyingine: mchango wa ujenzi wa kanisa hutangazwa kwa kipaza sauti, na mama wa mtangazaji ana wiki ya tatu hana dawa ya shinikizo la damu.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikusema kwamba ni lazima ukae chini ya paa lao, wala kwamba umtii baba anayekuagiza kudhulumu. Imesema heshima, na heshima yaweza kupita mpakani: fedha ya matumizi yaweza kutumwa, mganga wa hospitali kulipwa, "shikamoo" kutamkwa kwa simu na kuitikiwa "marahaba" hata kama mazungumzo hayaendelei zaidi ya hapo. Namjua mtu mzima aliyepigwa utotoni na babaye hata akavunjika mkono, naye kila mwezi humtumia mzee huyo unga, sukari na mafuta kwa mkono wa shangazi yake, wala haendi. Alinihofia nitamkemea. Nilimwambia kwamba amri anaitimiza.

Hapa pana jambo ambalo nitalipita haraka kwa sababu lastahili sura yake. Jamaa nyingi zetu hazikugawanywa na ukatili wala mirathi, zimegawanywa na mtabiri aliyemnyoshea kidole bibi au shangazi baada ya mtoto kufa. Kumtaja mtu mchawi ni kosa la jinai tangu sheria iliyotungwa mwaka 1928. Na kwa muumini ni ushahidi wa uongo juu ya jirani, hata ukitolewa kwa jina la Yesu. Bibi wa namna hiyo ndiye mwenye haki ya kuombwa radhi, wala asitakiwe yeye kusamehe kabla hajaombwa.

Jani la sale

Wachaga wa Kilimanjaro, ambao Injili iliwakuta na adabu zao za suluhu zimekwisha kukomaa, wana mmea uitwao sale, wenye majani marefu ya kijani yasiyokauka upesi. Mkosaji anayetaka kusamehewa hutwaa jani lake, au humpa mshenga alipeleke, na kulikataa jani hilo ni jambo zito ambalo mtu hulifikiri mara mbili. Nimekaa huko mwezi wa Desemba, wakati wana wa Uchagani wanaporejea kutoka miji yote kula Krismasi, na ndipo magomvi ya vihamba, yaani mashamba ya urithi ya ukoo, yanapofufuka pamoja na wenyewe.

Asubuhi moja nilimwona mzee akishuka njia ya kwenda kwa mdogo wake, amevaa koti lake la kanisani, ameficha jani lile chini ya kwapa kama mtu aliyebeba barua. Wenyeji wangu waliacha kuongea mpaka alipopita. Lakini lililonikaa moyoni ni jingine: nilipotupa macho mahali alipolichuma jani, niliona kwamba sale ndio mmea uliopandwa mstari mzima baina ya kihamba chake na cha mdogo wake. Wachaga hupanda sale mipakani. Mmea uonyeshao mwisho wa shamba lako ndio unaochumwa jani la kuombea msamaha, na wahenga wao hawakuona kinyume chochote hapo.

Ua wa minyaa

Sitakuwa mwaminifu nikiyaeleza mambo haya kana kwamba ni ya watu wengine tu. Baba yetu alituachia shamba la michungwa wilayani Muheza. Mimi nilikuwa mbali kwa kazi ya ualimu, na kaka yangu mkubwa alibaki na mama. Alfajiri moja mama alisikia panga shambani, akatoka na kanga ya kulalia, akakuta watu asiowajua wakiangusha miti aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe, nayo imezaa, machungwa mabichi yametapakaa matopeni. Kaka alikuwa ameuza sehemu ya chini ya shamba bila kumwambia mtu. Nilipofika kumuuliza alinijibu: "Mdogo wangu, wewe una mshahara. Ya mji huu niachie mimi."

Tulikaa miaka minne hatusemi. Kanisani yeye alikaa karibu na nguzo, mimi upande wa dirisha, na wakati wa kupeana amani kila mmoja wetu aliwageukia watu wote isipokuwa mmoja; kisha tukaenda wote wawili kupokea Ushirika. Padri wetu aliona. Akaniita, akanifungulia Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, akanionyesha agizo la zamani ambalo sikupata kulijua: padri asiwakaribishe mezani watu wenye chuki mpaka wapatane; lakini akiwako mmoja aliye tayari kusamehe kwa moyo na kutengeneza alipokosa mwenyewe, na wa pili akakataa, huyo wa kwanza akaribishwe, na mkaidi azuiliwe. "Kwa hiyo," aliniambia, "usimngojee nduguyo akulainishie moyo. Wewe deni lako lifute. Suluhu tutaitafuta, na isipopatikana hutabaki na njaa."

Nilikwenda nyumbani nikalifuta, ingawa naungama kwamba nililazimika kulifuta tena na tena, kwa kuwa kila nilipoona visiki vile liliandikika upya. Baadaye mjomba alituita, tukaketi mkekani chini ya mwembe na wazee watatu. Kaka hakuomba radhi. Alisema alikuwa na madeni, akanyamaza. Shamba lililosalia likagawanywa, nyumba na upande wa barabarani ukawa wa mama kisha wangu, upande wa mtoni ukawa wake, na katikati tukapanda ua wa minyaa, ule mmea ambao mifugo haiusogelei kwa sababu utomvu wake hupofusha macho. Tukatia sahihi. Wapo waliosema kwamba Wakristo wawili, tena ndugu wa tumbo moja, wanatia aibu kutenganishwa kwa minyaa. Mimi usiku ule nililala usingizi ambao sikuupata tangu miaka minne.

Mama alipofariki kaka alikuja. Tulilibeba jeneza bega kwa bega, urefu wetu ukiwa mmoja, tukamzika upande wangu, chini ya michungwa iliyosalimika, hatua chache kutoka uani. Baada ya kaburi kufukiwa alinisalimu, akauliza hali ya watoto, akazunguka kwa njia ya barabarani kurudi kwake.

Ua umekwisha kuwa mrefu kuliko mtu. Mwaka jana, niliporudi likizo, nilikuta umekatwa mahali pamoja, mkabala na kaburi, upana wa kutosha mtu mmoja kupita akijibana mabega; chini pamefagiliwa, na juu ya kaburi pana maua yaliyonyauka ambayo si mimi niliyeyaweka. Sikumuuliza, wala sikupanda mnyaa mwingine.